Upepo unaruhusiwa kwenye roboti za wanafunzi? Niambie kwanza ni mashindano gani

Wiki iliyopita mpwa wangu kanitumia voice note ya dakika nne kutoka Morogoro. Yeye ni mwalimu wa fizikia, anaendesha klabu ya robotiki shuleni kwao baada ya vipindi, watoto kama kumi na mbili hivi, na ana moto kweli na hiyo kazi. Swali lake kwa kifupi: "Mjomba, wewe ulikuwa fundi wa upepo na sasa uko huko kwenye roboti, hivi vitu vya upepo uliobanwa vinaruhusiwa au haviruhusiwi? Maana kila ninayemuuliza ana jibu lake."

Nikamjibu mashindano gani? Akaniambia "haya ya roboti za shule, mjomba". Hapo ndo nikajua lazima nikae niandike vizuri, maana hilo swali nimeulizwa na wazazi wa hapa Texas, nimeulizwa na Mkenya mmoja tunasali naye, na mimi mwenyewe nililijibu vibaya mwaka wa kwanza na watoto wakaumia. Kila anayempa jibu lake mpwa wangu inawezekana kabisa yuko sahihi, ila kila mmoja anaongelea mashindano tofauti.

Kwa wasionifahamu, mi kabla ya kuja Marekani nimekaa gereji miaka kumi na kitu njia ya Tunduma. Malori. Kazi yangu kubwa ilikuwa breki za upepo, kompresa, matangi, hosi, valvu, zile chemba za nyuma zenye springi kubwa ndani. Yeyote aliyewahi kushuka Kitonga na lori limebeba anaelewa kwa nini fundi wa upepo anaheshimika. Kwa hiyo binti yangu alipoingia timu ya roboti shuleni kwao na wakaomba wazazi wa kujitolea, nikaenda nimejiamini kabisa, nikasema hapa nimefika nyumbani.

Timu ile ilikuwa ya mashindano yanaitwa FIRST Tech Challenge, watu wanafupisha FTC. Roboti yake ni ndogo, inapoanza mechi lazima iingie kwenye boksi la inchi 18 kila upande, yaani kama sentimita 46, na mota zake kubwa hazizidi 8. Sasa watoto wakawa na shida, mkono wa roboti mzito, mota inauinua kwa tabu, ikifika katikati inachemka na mkono unarudi chini. Nikauangalia ule mkono nikaona jibu hapo hapo. Zile shoka za gesi zinazoshikilia mlango wa buti la gari, unaufungua kidogo wenyewe unapanda. Nikaenda duka la spea nikanunua mbili ndogo, jumamosi tukazifunga, jamani mkono ulipanda kama hauna uzito! Watoto walipiga kelele mpaka jirani akatoka nje. Binti yangu aliniangalia kwa jicho fulani ambalo mzazi yeyote mwenye mtoto wa miaka 13 anajua huwa halitokei mara nyingi.

Asubuhi ya mashindano tukapeleka roboti kwenye ukaguzi. Mkaguzi alikuwa mama mmoja mtu mzima, mpole sana, akapima urefu, akaangalia betri, akaangalia nyaya, alipofika kwenye mkono akanyamaza. Akaniuliza hizi ni nini. Nikamweleza kwa kujivuna kabisa. Akafungua kitabu cha kanuni akanionyesha kwa kidole: vitu vyenye gesi iliyofungiwa ndani haviruhusiwi. Matangi ya upepo, kompresa, shoka za gesi. Shoka za gesi zimetajwa kwa jina lake! Na haidroli nayo hapana. Hakukuwa na cha kujadiliana, na hakutufanyia ubaya wowote, alikuwa anasoma kitu ambacho mi nilitakiwa nikisome miezi mitatu nyuma.

Tulizifungua pale pale chini, spana mkononi, watoto wanalia wengine. Nakumbuka binti yangu hakulia, alikaa kimya tu anashika nati moja moja anaziweka kwenye kifuniko cha chupa zisipotee. Niliumia zaidi na ule ukimya.

Kilichotuokoa ni mpira. Kuna kijana wa timu nyingine kabisa, timu pinzani, alituona tumekaa chini akaja na mpira ule wa rangi ya asali, laini, kama wa kufungia mkono hospitali, akasema huu unaruhusiwa. Nikacheka mwenyewe maana ule ni mpira wa manati! Tukaukata vipande viwili, tukafunga juu ya mkono, tukauvuta kiasi, ukawa unasaidia mota kupanda. Haikuwa kama shoka lakini tulicheza mechi zote.

Sasa hiyo siku ndo ilinifundisha kuangalia hizi kanuni wanakataa nini hasa. Mpira uliovutwa una nguvu ndani yake, shoka ya gesi nayo ina nguvu ndani yake, kwa nini huu ndiyo na ile hapana? Mimi kama fundi naona hivi. Mpira uliovutwa unauona kwa macho, unaona umevutwa, ukitaka kuuondoa unauchomoa tu. Gesi iliyofungiwa huioni. Tangi lenye psi 100 (psi ni kipimo cha presha, pauni kwa kila inchi ya mraba) na tangi tupu yanafanana kwa macho, huwezi ukajua mpaka uangalie geji, na kama geji haipo ndo hivyo tena. Halafu upepo ukibanwa unajikunja kama springi, chombo kikipasuka unatoka wote kwa mara moja na vipande vinaruka nao. Maji hayafanyi hivyo, maji ukiyabana hayakunjiki, bomba likipasuka yanamwagika pale pale presha imekwisha. Ndo maana tangi linapimwa nguvu zake kwa kujazwa maji, sio upepo.

Kwa hiyo unapouliza kama upepo unaruhusiwa, waandaaji wao wanajiuliza swali lingine: je tunaweza kuwa na uhakika kwamba kila upepo uliohifadhiwa humu ukumbini uko ndani ya chombo kinachostahili, unaonekana kwenye geji, na unaweza kuachiwa na mtoto wa miaka 14 bila kuumia? FTC wamejibu kwa kufunga mlango kabisa. Roboti ndogo, watoto wadogo, timu nyingi hazina fundi, basi hapana. Mi sioni ubaya na hilo jibu.

Wenzao wakubwa wamejibu tofauti.

Binti yangu alipoingia high school akahamia timu ya FIRST Robotics Competition, FRC. Haya ndo mashindano ya mwanzo kabisa ya hiyo taasisi ya FIRST iliyoanzishwa na Dean Kamen mwaka 1989, mashindano yenyewe ya kwanza yalifanyika 1992 kwenye ukumbi wa michezo wa shule huko New Hampshire, timu 28 tu. Leo fainali zake zinafanyika Houston mwezi wa nne, nimeenda, ni kama uko uwanja wa taifa siku ya derby. Roboti za huku ni mijitu, zaidi ya kilo 50, na upepo unaruhusiwa! Ila safari hii sikununua hata fitingi moja kabla sijasoma. Nilikaa na kile kitabu usiku tatu, kalamu nyekundu mkononi, mke wangu akaniuliza kama nimerudi shule.

Nikaona kitu ambacho kilinipa raha kweli. Ile mifumo wanayotaka ni ile ile ya lori, wameiandika tu kwa lugha yao. Kompresa moja tu, ya roboti yenyewe, hauruhusiwi kuja na upepo uliojaza kwenye kompresa kubwa ya gereji. Kwenye mdomo wa kompresa pale pale panakaa valvu ya usalama imewekwa iachie kwenye psi 125. Kuna swichi ya presha inayoizima kompresa ikifika kama 120, na hiyo 120 ndo mwisho wa upepo wa kuhifadhi kwenye matangi. Baada ya hapo unapita kwenye regyuleta unashushwa mpaka 60, na hiyo 60 ndo mwisho wa upepo unaofanya kazi kwenye silinda. Geji mbili, moja ya upande wa juu moja ya upande wa chini, zote zionekane bila kuchungulia. Na koki ya mkono ya kuachia upepo wote, nayo iwekwe mahali mtu yeyote anaiona na anaifikia.

Watu wanaona 60 ni kidogo. Tairi la gari dogo linakaa kama 32 au 35 kwa hiyo 60 ni karibu mara mbili yake, na 120 ya kwenye matangi hiyo ni ya tairi la lori. Tupige hesabu moja. Silinda yenye kipenyo cha ndani cha inchi moja na nusu, eneo lake 3.14 mara 0.75 mara 0.75, unapata kama inchi za mraba 1.77. Zidisha na 60 unapata pauni 106, yaani kilo 48. Mfuko wa saruji huo! Silinda unayoishika kwa mkono mmoja inasukuma karibu mfuko mzima wa saruji, na inasukuma ghafla. Kidole cha mtoto kikiwa katikati... nadhani mmenielewa. Ndo maana huku bila miwani ya usalama haukanyagi eneo la timu, hata kama umekuja kuleta maji ya kunywa tu.

Na vifaa vyenyewe lazima viwe vya kununua, vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo na kuandikwa presha yake. Hakuna cha kutengeneza tangi lako mwenyewe, hakuna kutoboa, hakuna kuchonga silinda. Hosi unaikata urefu unaotaka, hiyo ruksa. Kuna tangi moja jeupe la plastiki ambalo kanuni zimelikataza kwa namba yake kabisa, AVT-PP-41, kwa hiyo ukiwa na stoo ya shule yenye vifaa vya miaka mingi angalia sana, linaweza kuwemo. Na jamani, naomba niseme hili kwa herufi kubwa kwa sababu nimeona video za vijana wetu: BOMBA LA PVC LA MAJI SIO TANGI LA UPEPO. Chupa ya soda sio tangi la upepo. PVC ikijazwa upepo ikapasuka haichaniki, inavunjika vipande vyenye ncha kama glasi. Hata kama hauendi mashindano yoyote, unafanya majaribio tu darasani, usijaze.

Kitu kingine kinachochanganya watu: FRC hizo shoka za gesi za buti zilizoniliza FTC zinaruhusiwa, na wanasema wazi kwamba hazihesabiki kama sehemu ya mfumo wa upepo. Tairi la kujaza upepo vile vile halihesabiki. Kitu cha kufyonza, kile cha kunyonya mpira ung'ang'anie, nacho hakiingii kwenye zile kanuni za upepo. Kwa hiyo taasisi moja, mashindano mawili, kitu kile kile kimoja, huku ruksa na kule marufuku. Sasa mtu akikwambia "FIRST wanakataa shoka za gesi" anakudanganya bila kujua.

Nisimulie ile siku ya waya.

Ilikuwa mwezi wa pili, wiki ya tano ya kujenga, watoto wamechoka. Mfumo wa upepo nilikuwa nimeukabidhi kwa vijana watatu, mmoja wao binti yangu. Wakamaliza kufunga, wakawasha. Kompresa ikaanza kuunguruma, geji ikapanda, 80, 100, mi niko nimesimama pembeni nimekunja mikono naangalia swichi ifanye kazi yake. 115. 120. Haizimi. 122 bado inapiga. Nikaanza kusogea kwenye swichi kubwa ya umeme na kabla sijafika valvu ya usalama ikaachia, pshiiii, ukumbi mzima ukaruka. Mtoto mmoja akaangusha laptop. Binti yangu akazima umeme, akafungua koki, akasimama anaangalia mishale ya geji mpaka ikalala kwenye sifuri, ndipo akageuka kuniangalia.

Nikawaambia hamjakosea kuogopa, sasa tutafute. Tukakuta nyaya mbili za ile swichi ya presha zimemenywa ndefu mno, na pale zilipobanwa na tai ya plastiki shaba za waya zimegusana. Sasa sikilizeni hapa maana ni pazuri. Hii swichi kawaida imefunga, umeme unapita, hiyo ndo alama ya kuiambia kompresa endelea. Presha ikifika inafungua, umeme unakatika, kompresa inasimama. Nyaya zikigusana ni kama swichi imefunga milele, kompresa haijui kama imefika. Lakini waya ukikatika au ukichomoka kabisa, kompresa haiwaki, roboti inabaki haina upepo na hakuna anayeumia. Yaani aliyeutengeneza huu mfumo alishafikiria kwamba siku moja waya utachomoka, akaamua ukichomoka uangukie upande wa salama. Na kwa ile ajali moja iliyobaki, ya nyaya kugusana, akaweka valvu ya usalama ambayo haitumii umeme, haitumii programu, ni springi na kidude cha kuziba tu, haina wa kumwomba ruhusa.

Nikawaambia watoto hiyo ndo breki ya lori. Watu wengi wanadhani upepo ndo unakamata breki ya kuegesha, kumbe ni kinyume chake, springi ndo inakamata na upepo ndo unaizuia. Hosi ikipasuka mlimani upepo ukaisha, springi inajifungua inakamata magurudumu ya nyuma. Unasimama. Unakasirika, unazuia foleni, wenzako wanakupigia honi, lakini unasimama. Nimetengeneza hizo chemba mamia na sikuwahi kuziona uzuri wake kama siku ile nilipowaeleza watoto wa Texas kwenye karakana ya shule saa mbili usiku.

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyewahi kunilalamikia kuhusu kanuni za upepo. Na ukaguzi tulipita mara moja. Mkaguzi anakwambia jaza, anaangalia kompresa inazima wapi, anasoma geji ya chini isizidi 60, anakwambia fungua koki, anasubiri geji zote mbili zirudi sifuri. Geji moja ikibaki na upepo kuna mahali umefunga vibaya na hupiti.

Kidogo kuhusu kuvuja, maana ndo tatizo la kila timu. Hizi fitingi za kusukuma tu hosi inaingia zinataka hosi iliyokatwa mraba kabisa. Ukikata na mkasi inakuwa mshazari na itavuja, na utatafuta siku mbili. Tumia kile kikatio chake. Kwenye nyuzi zungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, ila acha uzi wa kwanza wazi ili kipande kisiingie kwenye valvu. Halafu kuvuja usitafute kwa masikio, ukumbi una kelele. Sabuni ya vyombo na maji kidogo, piga povu, paka kila kiungo kwa brashi ndogo. Ni beseni la fundi pancha lile lile, tofauti tu huwezi kuzamisha roboti, unaipelekea maji yenyewe. Mbali na vibao vya umeme lakini!

VEX sasa, mashindano mengine ya roboti za wanafunzi. Mkenya wangu wa kanisani mtoto wake yuko huko, VEX V5, na huko upepo unaruhusiwa ila kwa mtindo wa tatu kabisa. Roboti haibebi kompresa. Kanuni alizonionyesha zinaruhusu matangi madogo mawili, yasizidi psi 100, mnayajaza kabla ya mechi kwa pampu ya baiskeli au kompresa ya nje kupitia valvu ya aina ile ile ya tairi la gari, na mkishaingia uwanjani ulionao ndo huo huo. Mechi ni dakika mbili. Kila silinda ikitoka na kurudi inakula, presha inashuka, nguvu inapungua. Nilimwona mtoto wake anahesabu kwenye karatasi, bonyeza hii mara ngapi, ile mara ngapi, nikampenda bure. Dereva akibonyeza ovyo mwanzoni, sekunde za mwisho anabonyeza na hakuna kitu. Na vipande viwe vya VEX wenyewe au vile pacha wake wanaovikubali, sio silinda yoyote uliyoiona mtandaoni bei rahisi.

Halafu kanuni zinabadilika kila msimu, na katikati ya msimu pia. FRC kitabu kinatoka mwezi wa kwanza na baada ya hapo kuna marekebisho yanatolewa wiki kwa wiki. VEX na FIRST wote wana sehemu rasmi ya maswali na majibu, timu inauliza, jibu likitoka ndo linalofuatwa na wakaguzi. Kwa hiyo hata haya namba niliyoyaandika hapa, 60, 100, 120, 125, yachukue kama ramani ya kukuonyesha uangalie wapi, kisha fungua kitabu cha mwaka wako, tafuta neno la upepo, soma kurasa zote sio mstari mmoja. Na kama una jambo lenye utata uliza rasmi kabla ya kununua, chapisha jibu, nenda nalo kwenye ukaguzi. Mimi yale maduka ya spea hayakunirudishia hela yangu.

Turudi Morogoro.

Nilimwambia mpwa wangu nitumie picha ya kanuni mlizopewa. Akatuma. Kumbe ni za FIRST LEGO League, za watoto wadogo! Ndo ninachosema, mtu mwingine angemjibu kwa kanuni za FTC akamwambia hapana, na mwingine kwa FRC akamwambia nunua kompresa.

LEGO, wale wa vipande vya plastiki vya kuchezea vya kupachikana, wana vitu vya upepo tangu 1984, silinda ndogo, pampu ya kubonyeza kwa kidole, vivalvu vya kugeuza, baadaye na kitangi kidogo. Na kanuni za hayo mashindano zinasema vipande vya LEGO visivyo vya umeme unaweza kutumia vingi utakavyo, kutoka seti yoyote, ilimradi viko kama vilivyotoka kiwandani, isipokuwa zile mota za kuvuta nyuma au kupindisha kama saa, hizo hapana. Vihosi unaruhusiwa kukata. Kwa hiyo upepo ndiyo, na una faida kubwa maana mota mwisho ni nne, mbili tayari zimeenda kwenye magurudumu. Watoto wanabonyeza pampu wakiwa kwenye eneo lao la kuanzia, kitangi kinajaa, roboti inaenda na nguvu yake mgongoni, ikifika kwenye kazi inagonga kivalvu, silinda inanyanyua. Haijatumia mota hata moja.

Akafurahi sana, akaniambia "basi mjomba tumeshamaliza, tumeshatengeneza!" Akatuma na picha. Roboti nzuri, mkono umekaa vizuri, na mkononi zimefungwa sirinji mbili za duka la dawa, zile za mililita 10, zimeunganishwa na mpira wa dripu.

Ni kazi safi, niseme ukweli, nyuzi alizofungia zimekaza sawasawa na sirinji haziyumbi. Lakini sirinji sio LEGO. Sababu haikuwa upepo kabisa, ni kile kipande tu. Nikampigia simu badala ya kuandika, maana nilikumbuka mimi nilivyokuwa nimekaa chini na spana.

Alinyamaza kidogo. Halafu akaniuliza mashindano ni lini na nikamkumbusha yeye ndo anajua, akasema wiki saba. Wiki saba ni nyingi sana, mi nilikuwa na dakika arobaini. Zile sirinji nimemwambia asizitupe, aziweke mezani darasani, moja aijaze maji nyingine upepo, watoto wabonyeze wenyewe waone ipi inajikunja na ipi inakataa. Na kwenye boksi la LEGO za zamani walilopewa kama msaada nimemwambia alimwage lote sakafuni watafute kitu kama pampu ndogo ya baiskeli yenye springi. Jana usiku kanitumia picha ya vipande viwili haelewi ni nini. Kimoja ni ekseli tu. Cha pili ni silinda.